Viua Viwili vya Kushoto

Jumatano, soko la wanawake, Ibra,
kichwa cha mtu nakijua kabla ya jina lake.
Hamsini na sita. Hamsini na nane. Yule mzee wa Mudhaibi
mwenye kisogo bapa kama sinia.
Nazungusha utepe, naandika daftarini.
Kofia ya viua huchukua miezi mitatu
na kichwa hakibadiliki. Mama alinifunza hivyo:
mtu mzima hunenepa tumbo, si fuvu.

Kaka yangu Azzan, hamsini na saba.
Miaka kumi na moja, kila Idi, hamsini na saba.
Wa kumi na mbili, utepe ukakataa kukutana.

Nikasema utepe umepungua kwa kufuliwa.
Nikaongeza kiua kimoja, kushoto, juu ya nyusi,
uzi mweupe juu ya mweupe, nani angehesabu?
Mwaka uliofuata, kiua cha pili.
Ikamkaa. Akanisifu mbele ya watu.
Nikaupokea ule usifiwaji kama fundi
aliyeziba ufa kwa rangi.

Mpaka mkewe, Shinuna, alipoitazama picha ya arusi ya binti yao:
jicho la kulia linaangalia kamera,
la kushoto linaangalia mlango.
Limeteremka, limejitokeza,
kama mtu anayechungulia barazani.
Ndimi zikaanza.
Ami Khalfan: husuda hiyo, si ana gari jipya?
Jirani: achomwe chuma cha moto kisogoni, babake alichomwa akapona.
Mimi nikasema, labda usingizi.
Mimi, mwenye daftari.

Maskati. Chumba cha baridi hata meno yanagongana.
Daktari, mama wa Kerala, Kiarabu chake cha kuokota kama changu,
akawasha picha: fuvu la kaka yangu, kijivu chote,
na juu ya tundu la jicho kitu cheupe,
cheupe kupita mfupa, kimetulia pale
kama kina hati ya nyumba.
“Si saratani,” akasema. “Mfupa tu, uliosahau kuacha kuota.
Hauna ubaya. Ila jicho linakosa pa kukaa.”
Ni nadra, akasema. Na aina hii ni ngumu,
hata vitabuni tunaiita ya pembe.
Pembe gani? akauliza Azzan.
Ya ndovu.

Tukatazamana, macho manne yasiyolingana.
Babu yetu alitoka Ibra na deni, akafika Tabora,
pembe zikashuka pwani mabegani mwa watu
ambao majina yao hakuyaandika popote.
Nyumba tuliyozaliwa imesimama juu ya fedha ile.
Kwetu haisemwi.
Azzan akainama, akaninong’oneza kwa Kiswahili, daktari asielewe:
“Zuwena, moja ilibaki.”

Alicheka peke yake.

Saa sita walimfungua, sikio hadi sikio,
ngozi ya paji wakaikunjua kama ninavyokunjua bitana.
Mimi ukumbini na sindano,
nafumua viua viwili. Kufumua ni kazi kuliko kushona,
uzi hautaki kusahau tundu lake.
Walichotoa kilizidi kokwa ya tende, hakikufika limau.
Azzan alikiomba. Maabara kwanza, wakamwambia,
na maabara hawakurudisha kitu.

Alikuja nyumbani baada ya mfungo, kovu limejificha nywelani.
Jicho limerudi, si sana: asubuhi bado anaona taa mbili
na huinua kidevu kidogo ili ziwe moja.
Akaketi kwenye mkeka, akainamisha kichwa.
Utepe ukakutana. Hamsini na saba, kasoro uzi.
Chini ya kidole changu, pale juu ya nyusi,
bonde dogo.

Nikampa daftari, sikusema neno.
Akasoma tarakimu, mwaka kwa mwaka,
akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.
Kahawa yake ikapoa.
“Itakuwa tayari lini?”
Miezi mitatu, nikasema.
“Haya,” akasema, akanirudishia daftari.
“Isiponitosha, niambie.”